Kura Yangu ya Kwanza Ilikuwa Dhidi ya Mama

Jirani yangu hapa Mapinga anajenga ukuta. Kila asubuhi fundi wake huumwagia maji ukuta wa jana, na ile harufu ya saruji iliyolowa ikiingia dirishani kwangu, chai hainipiti kooni. Si harufu mbaya. Wengine wanaipenda, wanasema ndiyo harufu ya maendeleo. Mimi inanirudisha ndani ya birika la ubatizo la kanisa letu la Kerege, nikiwa na miaka kumi na mmoja, maji yamenifika kifuani, meno yanagongana, na Mchungaji ameniziba pua kwa leso nyeupe akingoja niache kutetemeka ili anizamishe.

Kwa msiojua, sisi Wabatisti hatunyunyizi, tunazamisha. Mtu anakwenda chini mzima mzima na kuibuka akikohoa. Makanisa mengine ya pwani yetu huwapeleka watu wao baharini, lakini Mchungaji wetu hakupenda watazamaji, kwa hiyo alichimba birika mbele ya kanisa, kwenye jukwaa. Nasema alichimba, maana alishika sururu mwenyewe, hilo simnyimi. Siku zisizo za ubatizo birika lilifunikwa kwa mbao, na mimbari ikakaa juu ya mbao hizo. Alipohubiri akakanyaga kwa nguvu, chini yake paliitika kama debe tupu, na sisi watoto tulikaa tukingoja siku mbao zitakapoachia. Hazikuachia hata siku moja.

Nilibatizwa Jumapili asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo, nywele zangu bado mbichi, ukaitwa mkutano wa washirika. Mzee Yona, katibu wa kanisa, akataja jina langu, Atupele, akauliza nani anakubali nipokewe. Mikono ikainuka. Tangu dakika ile nikawa mshirika, na mshirika kwetu ni mtu mwenye kura.

Hapo ndipo watu wengi hawatuelewi. Sisi hatuna askofu. Hakuna mkubwa aliyekaa Dar au Dodoma wa kutuletea barua ya nini kifanyike. Mchungaji huitwa kwa kura na anaweza kuondoka kwa kura. Mashemasi ni kura. Rangi ya milango ilikuwa kura, na tulibishana Jumapili tatu, kijani au kahawia, mpaka Bi Mwanahawa, jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akizisikia kelele kutoka uani kwake, akamuuliza mama, "Kwani nyinyi ni kanisa au serikali ya mtaa?" Mama akacheka mpaka akaiachia sindano.

Huyo Bi Mwanahawa ndiye chanzo cha yote, ingawa yeye mwenyewe hakufanya kitu ila kuwa jirani. Sisi tulitoka Tukuyu. Ndugu zetu wote walibaki huko kwenye baridi na migomba, na baba alikuwa kwenye machimbo ya kokoto Lugoba, tukimwona mwisho wa mwezi, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Usiku mdogo wangu Ambokile alipoamua kuzaliwa kabla ya siku zake, masika imekata njia, aliyempokea kwa mikono yake ni Bi Mwanahawa. Ndiye aliyemfundisha mama kupika kisamvu kwa nazi. Ndiye aliyenichapa mimi nilipomtukana mtoto wa watu, na mama alipoambiwa alimshukuru, akaniongezea.

Mwaka mmoja baada ya ubatizo wangu, mumewe Bi Mwanahawa, Mzee Shomari, alifariki. Mama alikuwa kwenye cherehani akishona sare za kwaya, zile za zambarau zenye mikono mipana. Aliacha shati nusu, akafunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akavuka ua. Siku tatu alikuwa huko. Alipepeta mchele, akakoroga masufuria makubwa kwa mwiko mrefu kuliko mimi, akakaa jamvini na wanawake wenzake. Dua iliposomwa alinyanyua viganja, na walipoitikia amina naye akaitikia amina. Siku ya hitima alikula. Na mimi nilikula, ubavuni pake, tena niliongeza. Vidole vyangu vilinukia iliki mpaka kesho yake.

Sijui nani alipeleka habari. Kanisa dogo halikosi mdomo. Katikati ya juma Mchungaji alifika nyumbani na mashemasi wawili, mama akawapa viti na maji ya ukwaju, na mimi nikajifanya nachambua mbaazi mlangoni.

"Mama Atu," Mchungaji alisema kwa upole, maana alikuwa mpole, "tumeambiwa ulikula chakula kilichosomewa. Na uliitikia dua."

"Ni kweli," mama akasema. "Walimwombea marehemu apumzike. Ningekataa?"

"Wewe ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Watu wanakutazama. Jumapili simama mbele, useme umeteleza, tukuombee, yaishe. Dakika mbili tu."

Mama akasema, "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Si yameandikwa hayo kwenye Mithali? Nitubu nini, Mchungaji? Kuzika?"

Mashemasi walitazama maji yao ya ukwaju. Mchungaji akasema basi, kama ni hivyo, jambo litakwenda kwa washirika, na washirika wataamua kama atengwe. Kutengwa kwetu maana yake si kufukuzwa. Unaweza kuja ibadani. Lakini huna kura, huna uongozi, huimbi, na Meza ya Bwana inapopita, inakupita. Ni kama kukaa kwenye karamu ukiwa umefungwa mdomo, na kila mtu anajua kwa nini.

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya kutowagusa wapakwa mafuta wa Bwana, na debe likaitika kweli kweli. Nilimpenda Mchungaji yule, na mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Alikuwa amenipa Biblia yenye zipu kwa kukariri mistari mingi kuliko watoto wote. Aliniita "binti wa kanisa" mbele za watu. Kabla yake kanisa letu lilikuwa la makuti, yeye akaleta bati. Watu walimheshimu kwa haki, na heshima ile ikakua taratibu ikawa kitu kingine, tukafika mahali ambapo akikohoa tunasema amina.

Juma lile watoto wenzangu wa shule ya Jumapili waliniambia mama yako kasilimu. Walinifunga shuka kichwani, wakaniita Bi Atu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Nilimkuta mama anashona, anaimba chini chini, kana kwamba hakuna kitu, na nilimchukia. Ndiyo, nilimchukia. Dakika mbili tu alizoombwa, na yeye anashona.

Mkutano ulifanyika baada ya ibada, Jumapili ya mwisho ya mwezi. Wageni wakaombwa kutoka, watoto wakatolewa nje. Mimi nikabaki, kwa kuwa nilikuwa mshirika, nikakaa kwenye benchi la tatu karibu na Mama Joshua, rafiki mkubwa wa mama na makamu wake kwenye umoja wa wanawake. Joto lilikuwa limeshika bati, kanisa zima likinuka jasho na mafuta ya nazi. Mchungaji, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, alisema mhusika atoke nje ili watu wawe huru.

Mama hakutoka. "Mimi ni mshirika mpaka mtakapohesabu," akasema. "Mkishahesabu mniambie." Akaweka mikono mapajani.

Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono. Mzee Yona akauliza kama kuna wa kuchangia. Hakuna aliyechangia. Wale wale waliobishana Jumapili tatu juu ya rangi ya milango, siku ile walikuwa na maji mdomoni. Mchungaji akasema, "Wote wanaotaka kanisa liwe safi, wainue mkono."

Mama Joshua aliinua. Benchi la mbele likainua, benchi letu likainua, na kwaya, ambao walikuwa bado wamevaa sare, wakainua, mikono mipana ya zambarau ikateremka mpaka kwenye viwiko. Kila mshono wa mikono ile nilikuwa nimeuona ukipita chini ya sindano ya mama.

Na mimi niliinua. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba mkono ulijiinua wenyewe, kwamba nilikuwa mtoto, niliwaona wakubwa nikaiga. Si kweli. Nilijua ninachofanya. Nilitaka akome, atubu, turudi kuwa kama watu. Niliinua mkono niliokulia pilau, nikaushikilia juu mpaka Mzee Yona akamaliza kuhesabu, na alipofika kwangu kidole chake kilisimama kidogo hewani, kisha kikaendelea.

Waliokataa walikuwa watatu, Mzee Yona akiwa mmoja wao. Mama hakuinua upande wowote. Mchungaji akasema, "Wengi wape," akafunga kwa sala.

Tulitembea kurudi nyumbani. Nilijua nitachapwa, na nilitamani nichapwe, yaishe. Mama alipika wali na samaki, akanipakulia, akaniwekea kipande cha tumbo ambacho siku zote alikuwa akimpa Ambokile. Sikukigusa.

"Mama, niliinua."

"Nimeona. Kula."

"Mama—"

"Mkono ni wako, Atu. Kanisa ndilo lililokupa. Kula, samaki anapoa."

Hakunena tena juu ya jambo lile, si siku ile wala siku zilizofuata. Angenichapa ningepona haraka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nanyi mnajua, na mshindo wa mama ulikuwa wa kukunja nguo zangu za shule vizuri kuliko zamani.

Jumapili ya Meza ya Bwana alivaa gauni lake jeupe kama kawaida na kwenda kukaa benchi la mwisho, lile lisilo na egemeo, mlangoni, ambako hukaa wageni na wanyonyeshaji, na vumbi la malori ya mchanga linaingia lote. Shemasi alipofika na sinia, vikombe vidogo vya plastiki vyenye maji ya rozela, mkono ulimsita. Mama akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia, "Pita tu, baba." Akapita. Mimi kule mbele nilishachukua changu. Nilikunywa. Hata leo nikiona rozela kwenye glasi naomba maji.

Watu walidhani atahama. Makanisa hayakukosekana barabara nzima ile, na mawili yalikuwa yameshamtumia salamu. Wengine walidhani atachoka na kutubu. Hakuhama, hakutubu. Kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika, benchi la mwisho, mgongo umenyooka. Alisalimia kila aliyeingia, kwa kuwa mlango ulikuwa wake sasa, na kila aliyeingia ilimbidi aitikie. Mama Joshua alianza kuingilia mlango wa pembeni. Mimi nilisema moyoni, ukaidi gani huu.

Kilichonigeuza ni Bi Mwanahawa. Habari zilimfikia, na alikuja mchana mmoja, eda yake haijaisha, akakatiza ua kwa haraka amejifunika gubigubi ili asionekane njiani. Aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nafua viatu vya shule.

"Mwanangu," alimwambia mama, "nasikia wanakunyima chakula cha Mungu wako kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako, Bi Mwanahawa."

"Hebu nisikilize. Nenda kawaambie umekosa. Mimi sitaona vibaya. Mungu anajua sufuria uliyoikoroga, haimpungukii kitu. Sema umekosa, ukae na wenzako. Mtu mgeni hakai bila wenziwe."

Cherehani ilinyamaza. "Nikisema nimekosa," mama akasema, "nitakuwa nimesema kumzika Mzee Shomari ni kosa. Sisemi. Hata wakinitenga mpaka nizeeke, hilo sisemi."

Kisha nikasikia kilio, na sikujua ni cha nani kati yao, na sikuinuka kuchungulia. Nilibaki nimeshika kiatu kilicholowa. Mama hakuwa akiwakaidi wao. Alikuwa akikataa kusema uongo juu ya maiti ya mtu, na mimi nilikuwa nimepiga kura atengwe kwa hilo.

Kesho yake nilitoka shule moja kwa moja kwenda kwa Mzee Yona, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli kando ya barabara kuu. Nilimkuta ameipindua moja miguu juu anazungusha tairi. Nilimwamkia, nikamwambia airudishe ile hoja.

"Siwezi," akasema.

"Wewe si katibu?"

"Ndiyo maana siwezi." Akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani, akatoka na karatasi zilizopigwa taipu, zimekuwa za njano, za utaratibu wa mikutano tangu kanisa lilipoanzishwa. Akanionyesha kwa kucha yenye grisi. Hoja iliyokwisha kupitishwa, ilisema, hairudishwi mkutanini ila na mshirika aliyeiunga mkono ilipopita. "Waliotuanzishia waliweka hivyo," akanieleza, "kwa sababu walioshindwa wangekuwa wanarudisha mambo yao kila mwezi, tusilale. Mimi nilikataa. Wenzangu wawili walikataa. Sisi midomo yetu imefungwa. Anayeweza kusema turudie ni yule aliyeinua mkono, aliyebadili moyo."

"Basi mimi niliinua," nikasema.

Alijua, alinihesabu mwenyewe. Tairi lilikuwa bado linazunguka nyuma yake. "Sikutumi," akasema. "Usije ukasema Mzee Yona kanituma. Nikikutuma si hoja yako."

Mkutano uliofuata niliingia nikiwa na maneno niliyoyakariri kama mistari ya Biblia. Mama alikuwa benchi lake la mwisho, aliruhusiwa kuwapo bila kusema. Sikumwambia kitu. Yalipokwisha mambo ya paa na ya kambi ya vijana, Mchungaji aliuliza kama kuna lingine. Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kurudisha hoja ya kumtenga mama. Niliiunga mkono."

Mchungaji akatabasamu, lile tabasamu la binti wa kanisa. "Atu, kaa chini, mwanangu. Haya ni mambo ya watu wazima."

Sikukaa. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilishika benchi la mbele yangu, nikabaki nimesimama, na kila sekunde niliyosimama ilikuwa ndefu.

"Mwenyekiti," sauti ya Mzee Yona ikasikika polepole kutoka mezani kwake, "utaratibu unamruhusu. Ni mshirika, na aliinua."

"Ni mtoto, Mzee Yona."

"Mchungaji, ulimzamisha wewe mwenyewe. Hukumzamisha nusu."

Mtu fulani nyuma alicheka kwa pua. Mchungaji hakucheka. Nilimwona akitafuta pa kukanyaga. Hatimaye akasema nieleze sababu, kwa ufupi.

Maneno niliyokariri yalikuwa yamepotea yote. "Na mimi nilikula," nikasema. "Nilikaa na mama kwenye hitima, nikala, nikaongeza. Hakuna aliyeniuliza. Kama ni uchafu, mbona mimi mlinipa Meza ya Bwana? Mama hakukosa. Mimi ndiye nilikosa, niliinua mkono kwa sababu watoto walinicheka."

Hiyo tu. Mzee Yona akauliza, "Kuna anayeunga mkono?" Na akakumbusha kwamba anayeunga pia sharti awe miongoni mwa walioinua.

Ninyi mliowahi kusubiri mtu mmoja aseme neno moja, mnajua. Lori lilipita barabarani, likaisha. Lingine likaja. Nilitazama migongo ya watu, shingo zilizokuwa zikinisalimia kila siku, watu ambao mama aliwakatia gauni za harusi na sanda za watoto wao. Hakuna shingo iliyogeuka. Mchungaji alifungua mdomo, na nilijua anataka kusema basi, hoja imekufa.

"Naunga mkono."

Ilikuwa sauti ya Mama Joshua, imekwaruza kama mtu aliyeamka usingizini. Hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa chake kimemziba uso.

Walipiga kura ya kuirudisha, ikapita kwa tofauti ya mikono michache. Kabla ya kura ya pili, shemasi mmoja, kwa nia njema, akamgeukia mama kule mlangoni, akamwomba aseme neno dogo tu la kulainisha, hata samahani, ili watu wote wawe na amani.

Mama akasimama. Gauni lake jeupe lilikuwa na vumbi la lori upande mmoja. "Nilikula," akasema. "Niliitikia amina. Bi Mwanahawa akifiwa tena nitakwenda tena, na akifa yeye nitamkosha kama wataniruhusu. Sasa mnajua. Pigeni kura yenu mkijua." Akakaa.

Mikono ilianza kuinuka ya kumrudisha. Haikuinuka kwa pamoja kama mara ya kwanza. Ilikuja mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda wake, na kila mmoja ulikuwa na mtu chini yake. Wazee wawili wa mbele walitoka nje. Mchungaji mkono wake ulibaki mezani, na nilitambua kwa mara ya kwanza kwamba naye alikuwa na mkono mmoja tu, sawasawa na mimi. Mzee Yona akahesabu, akahesabu tena. Mama alikuwa amerudi.

"Wengi wape," Mchungaji akasema, na sauti haikumtetemeka. Alikaa nasi miaka mingine mitatu, na nitamsema kwa haki: hakutulipizia kisasi, ila zile mbao hakuzikanyaga tena kwa nguvu.

Siku hizi barabara yetu yote hii mpaka Bagamoyo ina makanisa kuliko maduka ya saruji, na mengi yana mabango yenye picha ya mtu mmoja. Nikialikwa naenda. Nikisikia "mtumishi amesema," nauliza washirika walikutana lini. Wananitazama kama niliyetukana. Nimeshaombwa kwa adabu nisirudi mahali pawili, na sikuona haya. Hakuna mchungaji aliyemtenga mama yangu. Tulimtenga sisi, kwa mikono iliyokuwa imeshiba kwake, na mwenye kuinua mkono asije akamsingizia aliyeshika mimbari.

Miaka yote hiyo nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimwokoa mama kwa ule utaratibu niliougundua. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu Kerege. Bado anashona, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwambia, mama, bahati yako Mzee Yona alinionyesha zile karatasi.

"Bahati gani?" akasema. "Nilikuwa mwenyekiti wa wanawake miaka sita. Unadhani utaratibu siujui?"

Nikahesabu zile Jumapili, nikaliona tena benchi la mlangoni, yeye akimsalimia kila mmoja aingiapo, mmoja baada ya mwingine, akimtazama usoni. Nilikuwa nimeuita ukaidi.

"Ulikuwa unawasubiri," nikasema.

"Walioinua walikuwa zaidi ya thelathini. Nilisema hawezi kukosekana hata mmoja. Nilimsubiri Mama Joshua sana."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuombe wewe kura? Mtoto wangu?" Akakata uzi kwa meno. "Kura ya kuombwa na mama yako ni kura gani hiyo."

"Na kama nisingesimama?"

Alilipeleka shati mbele ya macho, akakagua mshono, akaona umenyooka.

"Ningekaa," akasema. "Kwani benchi lilikuwa lao?"